Mpe Mwenzako Aughani

Barua za wasomaji kuhusu ushairi

SWALI: Shikamoo Bibi. Sisi ni vijana wa Lamu, wavulana kwa wasichana, tunaopenda mashairi. Kila mwezi twakutana darini kwa mwenzetu, tuna maiki moja, na anayetaka kusoma huandika jina lake kwenye karatasi. Tulianza wenyewe kwa wenyewe, kisha tukaalika wazee. Hapo mambo yakaharibika. Mzee mmoja alishika maiki akasoma utenzi mpaka watu wakaanza kushuka ngazi. Mwengine alimkatiza mwenzetu aliyekuwa akisoma shairi huru kwenye simu, akamwambia hayo si mashairi, ni maneno matupu. Tena yuko msichana anayetushinda sote kwa kutunga, lakini babake hataki aonekane kwenye video. Wengine wetu wanasema turudi kuwa peke yetu. Wewe waonaje?
Wapenda Beti, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba wanangu. Wazee msiwaache, nawasihi. Mkibaki peke yenu mtapigiana makofi kila mwezi na hakuna atakayewaambia pale panapovuja.

Mzee wa utenzi hakuwa na ubaya. Utenzi ni mrefu kwa asili yake. Ule ambao Mwana Kupona, mshairi wa kale wa pwani hii, alimtungia bintiye mwaka 1858 una beti zaidi ya 100, na usiku wenye wasomaji kumi hauwezi kuubeba. Wekeni kipimo, lakini kiwe cha beti, kwa sababu mzee ukimwonyesha saa atahisi anafukuzwa. Shairi la mishororo minne, beti sita. Utenzi, beti 20. Shairi huru, ukurasa mmoja. Aliyebakiwa na beti aje nazo mwezi ujao, na niaminini, watu watarudi kusikiliza kilichosalia. Kipimo hicho kitangazwe mapema na kimhusu kila mtu, hata mwenye nyumba.

Sasa lile la pili, na hapa ndipo nataka mnisikilize sana. Acheni desturi ya kila mtu kusoma utungo wake mwenyewe. Yaani usiku mmoja katika kila miwili, karatasi ziwekwe kwenye kikapu, na anayeshika maiki asome kazi ya mwenziwe. Kijana aghani beti za mzee, na mzee apewe shairi la kijana.

Mtaona ajabu yake. Shairi la kawaida lina mizani, yaani silabi, nane kwa nane, 16 kwa mshororo. Mwenye sauti iliyozoea mahadhi akikutana na mshororo wa mizani 17, sauti itajikwaa pale pale. Hatahitaji kumkemea mtu. Aliyetunga atasikia mwenyewe, mbele ya watu, na kesho atakaa na vidole vyake ahesabu. Mimi sijaona somo la arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, linalofanya kazi upesi kuliko hilo. Na mzee naye, akibeba maneno ya kijana mdomoni mwake, atalazimika kuyaelewa kabla ya kuyahukumu.

Ama ugomvi wa shairi huru, huo haukuzaliwa darini kwenu. Tangu miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania, alipochapisha mashairi yasiyofuata vina na mizani, wataalamu wamebishana na hawajamaliza. Kwangu mimi shairi huru liingie. Ninachokataa ni mtu kusimama na macho yameganda kwenye simu. Mwenye vina, kina humkumbusha mshororo unaofuata. Asiye na vina ana kazi zaidi, basi alihifadhi kabisa moyoni ndipo apande. Na mzee anayekatiza aambiwe kwa adabu, na mzee mwenziwe ikiwezekana, kwamba jibu lake alete kwa beti.

Huyo msichana ananiuma. Nimesoma tenzi kwenye mikutano ya wanawake tangu ujana wangu, na najua tungo nzuri zilizokufa na wenyewe kwa kuwa hazikusomwa hata mara moja. Kwanza sikilizeni babake amekataa nini. Amekataa video, shairi hajalikataa. Basi simu zikae kwenye kapu pale ngazini, na asirekodiwe mtu yeyote ila kwa ridhaa yake. Halafu mama au shangazi wa mmoja wenu aende nyumbani kwao akazungumze, msitume mvulana. Na ikiwa bado haiwezekani apande mwenyewe, utungo wake ughanwe na mwengine, jina litajwe akipenda. Hakuna upungufu katika hilo. Tungo za Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, tunayemwita Mahmoud Mau, imamu na mshairi wa papa hapa Lamu, zimesambaa kwenye kanda kwa sauti za watu wengine, na hakuna aliyesema si zake.

Mwisho, kila usiku ufungwe kwa swali la beti moja, litakalojibiwa mwezi unaofuata kwa vina vile vile. Kujibizana ndiko kulikofanya watu wa pwani hii wakariri mashairi ya wenzao: huwezi kujibu usichokisikia vizuri. Nawapa la kuanzia:

Nauliza wenye mji, mwenye jibu anijibu,
Jahazi lisilo maji, nani aliyeharibu?
Nahodha avaa taji, baharia wa taabu,
Abiria hatungoji, tajani hiyo sababu.

Anzeni saa mbili na nusu usiku, watu wakishasali isha, na spika muielekeze baharini. Nyumba zetu zimebanana ukuta kwa ukuta, na jirani mwenye mtoto mchanga ana haki zake.

SWALI: Bibi, sisi tuko Malindi. Twataka kufanya mashindano ya mashairi ya kupeana alama, kama ya Marekani. Wengine wanaogopa yatatugombanisha. Yanaendeshwaje hasa?
Kikundi cha Malindi

JIBU: Mashindano hayo, yaitwayo slam, yalianzishwa Chicago katikati ya miaka ya 1980 na Marc Smith, aliyekuwa fundi wa ujenzi. Tangu 1986 yamekuwa yakifanyika katika klabu ya Green Mill. Kwa kawaida mshairi hupewa dakika tatu. Majaji watano huokotwa miongoni mwa wasikilizaji, kila mmoja hutoa alama kutoka 0 hadi 10, kisha alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, na tatu zilizobaki hujumlishwa. Kwa hiyo shemeji wa mshairi akitoa 10 na adui yake akitoa 1, zote mbili zaweza kuanguka.

Nia ilikuwa kumpa msikilizaji wa kawaida sauti, asikae tu akisinzia. Nia hiyo naipenda. Ninachohofia kwetu ni kwamba kijana atatunga kwa ajili ya kelele, apandishe sauti pale penye neno la mapenzi au la siasa, watu wapige vigelegele, na aliyepima neno lake polepole aondoke na alama nne. Jaribuni hivi: majaji watatu watoke kwa wasikilizaji, na wawili wawe watu wanaojua bahari, yaani aina, za ushairi, mmoja wao mwanamke. Kila jaji atoe alama, kisha ataje kwa sauti mshororo mmoja aliousikia. Asiyeweza kuutaja, alama yake isihesabiwe. Na mshindi apewe nafasi ya kuufungua usiku unaofuata. Fedha ziwekeni mbali kwa sasa, mpaka mjuane.