Mkataba wa klaudi: majibu ya maswali yenu kabla hamjabonyeza "nakubali"

Maswali yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka jambo moja, biashara zetu hapa Tanga zimehamishia daftari zao klaudi, yani rekodi zinakaa kwenye seva, kompyuta kubwa ya mtu mwingine mbali huko, na mkataba wenyewe hamna aliyeusoma. Nimechagua haya sita. Mtaniona narudia rudia habari ya kuondoka, mnivumilie, maana mkataba wa klaudi mimi naanza kuusoma pale panapoeleza mkiachana itakuwaje, ndo narudi mwanzo.

Habari wakili. Nina duka la dawa Ngamiani. Kijana aliyeniuzia sistimu alinifungulia kwenye simu akanambia bonyeza hapo "nakubali", nikabonyeza. Sikusaini karatasi yoyote. Kweli huo nao ni mkataba?

Ni mkataba dada'angu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua mkataba uliofanyika kwa njia ya kielektroniki, haukataliwi eti kwa sababu tu hamna karatasi. Yanayobaki ni yale yale ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kwamba mlikubaliana kwa hiari na jambo lenyewe ni halali.

Kwa hiyo sa hivi hangaika na ulichokikubali. Mwambie huyo kijana akutumie nakala ya yale masharti uliyoyabonyeza, yenye tarehe, uihifadhi mwenyewe, kwa sababu maandishi ya kwenye tovuti yanabadilika na mikataba mingi ya aina hii ina kipengele kinachosema wakibadilisha masharti ukaendelea kutumia basi umekubali. Alafu muulize seva ni za nani. Mara nyingi kuna mikataba miwili imepandana, wako na kijana, na wa kijana na kampuni kubwa ya nje. Wale wakubwa hawakai mezani na duka moja la Ngamiani, masharti yao ndo hayo hayo kwa kila mtu. Ila huyu wa hapa anayetaka hela yako kila mwezi anakaa, kwa hiyo dili na huyo, na kila anachokuahidi kwa mdomo mwombe akiandike, hata kwa barua pepe.

Sisi ni mawakala wa forodha hapa bandarini. Mkataba wetu unasema huduma itapatikana kwa asilimia 99.9. Mei 2024 intaneti ilipokatika tulikaa tu, mizigo ya wateja imekwama. Tunaweza kudai?

Kwa tukio lile sidhani kaka. Tarehe 12 Mei 2024 zilikatika nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom, nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikaathirika. Seva za klaudi zenyewe zilikuwa zinafanya kazi, ni nyinyi mliokuwa hamzifikii. Sasa tafuta kwenye mkataba wako sehemu ya mambo yasiyohesabika, utakuta wameandika kitu kama "matatizo ya intaneti yaliyo nje ya mitambo yetu". Sentensi hiyo moja ndo imekula dai lako lote.

Lakini hata siku ikikatika kwa makosa yao, hiyo 99.9 ifanyie hesabu kwanza. Kwa mwezi wa siku 30 ni ruhusa ya kukatika dakika 43 hivi. Wakipima kwa mwaka badala ya mwezi, inakuwa masaa nane na dakika 45, na wanaweza kuyatumia yote siku moja, siku ambayo meli imefunga gati na wewe una hati za kuwasilisha, na bado wako ndani ya ahadi! Kwa hiyo kipimo kiwe mwezi, na matengenezo yao yafanyike usiku kwa taarifa ya mapema.

Alafu fidia. Karibu wote hawakurudishii hasara, wanakupa punguzo kwenye ankara zijazo. Kwa mfano Amazon kwenye seva zao za EC2 wanaahidi 99.99 kwa mwezi ndani ya eneo moja, wakishuka chini ya hapo lakini wasifike chini ya 99 wanakukatia asilimia 10 ya bili, na lazima udai mwenyewe ndani ya muda waliouweka, ukinyamaza imepita. Bili yako ikiwa laki tatu hiyo ni elfu thelathini, wakati gharama ya kontena kukaa bandarini mnaijua wenyewe. Cha kupigania hapo ni haki ya kuvunja mkataba bila faini wakikosa kipimo mara tatu ndani ya miezi sita, hicho wauzaji wa hapa wanakubali ukikomaa. Na laini ya pili ya intaneti ya kampuni nyingine wekeni, maana waya wa baharini hamna mkataba utakaouunga.

Asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule binafsi Chumbageni. Tunataka kuweka taarifa za wanafunzi, picha, matokeo na ada kwenye sistimu ambayo seva zake ziko Afrika Kusini. Sheria inaruhusu?

Waaleikum salaam mwalimu. Inaruhusu kwa masharti, na nafurahi umeuliza kabla. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za watoto imeziweka kwenye fungu la taarifa nyeti. Shule yako ndo mkusanyaji, anayeamua taarifa zitumikeje, kampuni ya sistimu ni mchakataji, anayezishughulikia kwa niaba yenu, na wote mnatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wazazi waridhie kwa maandishi, na fomu iseme wazi taarifa zinaenda wapi, isiwe mstari mmoja umejificha chini ya fomu ya kujiunga. Na kwa kuwa zinatoka nje ya nchi kuna kibali cha Tume cha kuombwa, msianze kupakia majina ya watoto kabla hakijatoka.

Kwenye mkataba andikeni seva ziko nchi gani na zisihamishwe bila nyinyi kujulishwa kwanza. Kampuni kubwa za Marekani zina vituo Afrika Kusini, Microsoft tangu 2019, Amazon Cape Town tangu 2020, Google Johannesburg tangu 2024, lakini mkumbuke sheria ya Marekani ya 2018 inaiwezesha mahakama yao kuiagiza kampuni ya kwao itoe data hata ikiwa imehifadhiwa nchi nyingine. Alafu kipengele ambacho watu wanakiruka, data zikivuja mchakataji awaambie ndani ya masaa mangapi. Mimi huweka 24. Tume itawauliza nyinyi, na mzazi atakuja getini kwenu, hajui hata jina la hiyo kampuni. Faini za sheria hii kwa kampuni zinaweza kufika bilioni 5, kwa hiyo msione aibu kuwasumbua hao wauzaji kwa maswali.

Bakapu, yani nakala za akiba za data, si wanafanya wenye klaudi? Kwa nini nilipie tena?

Soma wameandika nini. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVH pale Strasbourg, Ufaransa kiliungua, jengo moja likateketea lote, na kuna wateja ambao bakapu zao zilikuwa hapo hapo kituoni, zikaenda na moto, wengine wakaishia mahakamani kubishana mkataba uliahidi nini hasa. Halafu Mei 2024 Google Cloud ikafuta kwa makosa mazingira ya klaudi ya mfuko wa pensheni wa Australia unaoitwa UniSuper, wenye wanachama zaidi ya laki sita, na kati ya vilivyosaidia kuwarudisha ni bakapu waliyokuwa nayo kwa kampuni nyingine. Kwa hiyo ndio, lipia, na iwe kwa kampuni tofauti. Na kila baada ya miezi michache irudishe kweli kwenye kompyuta uone kama inafunguka.

Shikamoo wakili. Ni mwenyekiti wa SACCOS Muheza. Tunataka kuhama sistimu, kampuni inasema tulipe milioni nne ndo watupe data zetu, na wametutumia mfano wa kitakachotolewa, ni PDF tupu. Tufanyeje?

Marahaba mama mwenyekiti. Mkataba mlionitumia nimeusoma, na kipengele chenyewe kinasema "ada ya kuandaa data itakadiriwa wakati wa kuondoka". Yani mlisaini bei ambayo haikuandikwa, na inakuja kutajwa siku ambayo hamna pa kukimbilia. Hapo ndo watu wengi wanapobanwa.

Msilipe bado, na msiache kulipa ada ya mwezi, mkiacha watawafungia akaunti na hapo nguvu yote inakuwa kwao. Waandikieni barua ya kudai mambo mawili. Kwanza, watambue kwamba taarifa za wanachama ni za SACCOS, na wao ni wachakataji tu kwa niaba yenu. Pili, waeleze hiyo milioni nne ni kazi gani, masaa mangapi, ya nani, maana kutoa majedwali kwenye hifadhidata, pale sistimu inapotunza rekodi zote, ni kazi ya siku moja mbili kwa fundi anayeijua sistimu. Nakala ya barua iwekeni kwenye faili, mkifika Tume au mahakamani itahitajika.

PDF mkatae kabisa. Nimeiona ile waliyowatumia, taarifa ya mwanachama imechapwa vizuri na nembo juu, lakini miamala yake ya miaka sita ni kama picha, huwezi kuihamishia sistimu mpya bila mtu kukaa anaichapa upya mstari kwa mstari, na akikosea sifuri moja kwenye akiba ya mtu mmegombana na mwanachama. Daini faili la CSV, lile la majedwali linalofunguka kwenye Excel, au nakala nzima ya hifadhidata, pamoja na maelezo ya kila safu inamaanisha nini, maana mtapewa safu imeandikwa "st2" na hamna anayejua ni nini.

Huko nje mambo yamebadilika, mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft walitangaza kuondoa ada ya kutoa data kwa mteja anayehama moja kwa moja, na sheria ya data ya Umoja wa Ulaya inazipiga marufuku ada za kuhama kuanzia Januari 2027. Sisi haitubani, lakini itajeni mezani, inasaidia.

Mkataba mpya sasa, bei ya kuondoka iandikwe leo kwa tarakimu, sistimu iendelee kufanya kazi siku 90 baada ya notisi, data zitolewe ndani ya siku 14, alafu wafute zao na wawape uthibitisho kwa maandishi. Akaunti kuu ya usimamizi isajiliwe kwa barua pepe ya SACCOS, isiwe ya kijana wao wa ufundi. Na nyinyi wenyewe tunzeni nakala, sheria ya kodi inataka kumbukumbu zikae miaka mitano.

Mimi niko upande wa pili, nauza sistimu hapa Sahare. Mteja anataka niwajibike kwa hasara yoyote bila kikomo. Nikikataa ataondoka, nikikubali naweza kufilisika.

Usikubali bila kikomo kaka, hata kampuni kubwa hazifanyi hivyo. Kawaida ni kikomo cha jumla ya malipo ya miezi 12. Lakini mteja wako ana haki ya kukwambia kikomo hicho kisiguse kuvujisha siri zake wala uzembe uliokithiri, hapo mpandishie, mara mbili au tatu ya malipo ya mwaka, mtaelewana. Kabla hujarudi kwake soma mkataba wako na mwenye seva, yeye kakuahidi nini, maana ukimwahidi mteja 99.9 wakati wewe umeahidiwa 99.5, ile tofauti inatoka mfukoni kwako. Na bei mwandikie kwa shilingi, kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza na kutoza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini, hata kama wewe unalipia seva kwa dola. Weka kipengele cha kupitia bei upya kila miezi sita, na asilimia ambayo haitazidi iandike hapo hapo.