Uliza Fundi wa Baiskeli: "Kila Tukitoka Mi Ndo Wa Mwisho"

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi na wenzangu tuko tisa hivi, tumeanza kutoka na baiskeli siku moja moja za mapumziko, tunaacha mji tunashika njia za mashambani huko, na tulikubaliana kabisa kwamba ni matembezi sio mashindano. Shida mi ndo mkia kila siku. Wenzangu wanatangulia halafu wananisubiri chini ya mti, nashukuru wananisubiri, ila nikifika tu mtu anasema haya jamani twende, yaani hata chupa ya maji sijafungua! Juzi tumepiga kilomita 40, nimerudi hoi, magoti yanauma. Ninunue baiskeli nyepesi au nianze mazoezi kwanza? - Mkia wa Msafara

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na hela yako kaa nayo kwanza. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kesi yote iko kwenye hiyo chupa ya maji.

Hebu tupige hesabu. Tuseme wao wanakwenda kilomita 20 kwa saa, we unakwenda 15. Mkishafika kilomita ya 20 wao wametumia saa moja, we saa moja na dakika 20. Kwa hiyo wamekaa kivulini dakika 20 nzima, wamekunywa, wamepiga picha, na wakikuona unatokea kwenye kona wanaona mapumziko yameisha. Mtu anayehitaji kupumzika kuliko wote ndo amepumzika sifuri, sasa kilomita 20 za kurudi ulitegemea ziweje? Hapo mwenye kosa sio mapafu yako, ni utaratibu wenu.

Waambie hivi, na usione haya kusema: saa ya kupumzika inaanza kuhesabiwa mtu wa mwisho akishuka kwenye baiskeli. Basi. Hata ikiwa dakika 10 tu, ni dakika 10 za kila mtu.

La pili, usikae mkia. Najua mtu akijiona mzito anajirudisha nyuma mwenyewe ili asisumbue, lakini nyuma ndo kugumu kuliko kote, maana wa mbele akipunguza kidogo kwenye kona kila mmoja nyuma yake anapunguza zaidi, halafu njia ikinyooka wa mwisho inabidi akanyage kama anafukuzwa na mbwa ili awafikie. Kaa wa pili au wa tatu. Upepo ukiwa wa mbele utashangaa, mgongo wa mwenzio unakukinga, ila usisogeze tairi lako la mbele likapishana na lake la nyuma, akiyumba kidogo tu yakigusana we ndo unaanguka, yeye anaendelea na safari zake. Mkia mpeni mwenye nguvu za miguu kuliko wote na abebe pampu, tyubu ya akiba na viraka, asimpite mtu hata iweje.

Na mkichagua njia angalieni upepo. Mwende mkiwa bado na nguvu mkipambana nao, mrudi unawasukuma mgongoni. Watu wengi hufanya kinyume, asubuhi wanateleza tu wanajisifu, jioni wanalia.

Sasa magoti. Hapo nahisi siti yako iko chini, wengi wanaishusha ili miguu yote ifike ardhini. Kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke. Ukikunja, pandisha siti kidogo kidogo. Ukikanyaga kawaida kwa mbele ya unyayo, goti litabaki limekunja kidogo tu na hivo ndo inavotakiwa. Halafu gia: badilisha iwe nyepesi kabla mwinuko haujaanza, sio katikati ya mlima cheni inalia na we unasukuma kwa goti. Miguu izunguke haraka haraka na wepesi, usisindilie.

Baiskeli nyepesi ni nzuri sijakataa, ila kilo mbili tatu kwenye njia tambarare kwa mwendo wenu hutazisikia kabisa.

SWALI: Fundi, nimenunua kaptula ile ya sponji ya waendesha baiskeli lakini bado nachubuka, kwani nimeuziwa feki? - Mwenye Maumivu Yake

JIBU: Unavaa chupi ndani, sio? Ivue. Kaptula ile inavaliwa peke yake, mishono ya chupi ndo inayokuchuna. Ukifika nyumbani ifue hapo hapo, usiianike hivo hivo na jasho ukasema utaivaa tena kesho.