Kindi wa majira ya kuchipua: tafuta miforsadi, si mialoni

Kwa anayeanza kuwinda kindi Marekani mwezi Mei: usikae chini ya mwaloni. Mbegu zake hudondoka vuli, na wakati huu zilizobaki ni chache mno. Tafuta mforsadi wenye matunda yanayoiva, au miti ya mepo (maple) yenye mbegu changa. Mforsadi mmoja uliozaa vizuri huwaleta kindi asubuhi nzima, kwa hiyo fika kabla ya mapambazuko, kaa, tulia. Mimi kindi wangu karibu wote wa Mei nimewapata hivyo, na mara nyingi nilisikia matawi yakitikisika kabla ya kuona mkia.

Majani ni mazito msimu huu, hivyo bunduki ya marisau inamfaa mgeni kuliko bunduki ya risasi ndogo ya .22. Risasi ya .22 ukiielekeza juu na ikakosa, inasafiri mbali sana. Tafadhali usifyatue bila kumwona mnyama mzima.

Ila angalia sheria kwanza. Nchini Marekani, Kentucky, Tennessee na Mississippi zina msimu huu wa kuwinda kindi, lakini majimbo mengi hayana. Tarehe hupangwa wakati watoto wa uzao wa kwanza wameshaachishwa kunyonya. Hata hivyo ukimwona jike mwenye chuchu zilizovimba, mwache aende, huenda bado ananyonyesha.

Na vaa glavu unapochuna. Kupe ni wengi, na ugonjwa wa tularemia huambukizwa kwa kushika nyama mbichi ya mnyama mgonjwa.