Baridi ya Friza Haitoshi

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la aiskrimu mjini. Mkaguzi wa afya alipofika, friza aliitazama kidogo tu ingawa kila kilichokuwamo kilikuwa kimeganda barabara. Alikaa zaidi kwenye mashine ya aiskrimu laini, akaamuru mchanganyiko uliokuwamo umwagwe na mashine isitumike mpaka isafishwe upya. Je, vijidudu vinaweza kuishi katika baridi kali namna hiyo?

JIBU: Ndugu msomaji, vinaweza. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huwazuia bakteria kuzaliana, lakini haiwaui wote, na wanaobaki hai huanza tena kuongezeka aiskrimu inapopata joto. Kinachowaua ni moto: mchanganyiko wa maziwa hupashwa joto, kwa mfano nyuzi 69 kwa dakika 30, kisha hupozwa upesi. Uchafu unaoingia baada ya hapo ndio wa kuogopwa, maana aiskrimu haipikwi tena kabla ya kuliwa. Nchini Marekani mwaka 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 224,000 waliugua kwa bakteria wa salmonela kwa sababu mchanganyiko uliokwisha kupashwa joto ulisafirishwa katika matangi yaliyokuwa yamebeba mayai mabichi.

Katika duka kama lako, mahali pa hatari hiyo ni mashine ya aiskrimu laini. Mchanganyiko uliomo ndani yake bado ni majimaji, hivyo hauna budi kukaa katika nyuzi 5 au chini yake, na mabaki ya maziwa hujificha kwenye pampu, kwenye mdomo wa kutolea aiskrimu na chini ya mipira ya kuzibia, mahali ambapo maji ya kusuuzia juu juu hayafiki. Humo anaweza kukaa bakteria wa listeria, ambaye huendelea kuzaliana hata kwenye baridi ya jokofu na ambaye anaweza kumharibia mimba mama mjamzito. Kwa sababu hiyo naona mkaguzi alitenda haki, ingawa najua hasara ya kumwaga mali inavyouma.

Ifungue mashine yote, usugue kila kipande kwa brashi na sabuni, usuuze, kisha utumie dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chombo chake. Acha vipande vikauke vyenyewe, kwa maana kitambaa hurudisha uchafu ulioondolewa, na usiongeze kamwe mchanganyiko mpya juu ya ule wa jana usio na uhakika. Vijiko vya kuchotea navyo visilale katika maji yaliyotuama, na cha aiskrimu ya karanga kisiguse nyingine, kwa ajili ya wateja wenye mzio.

Mwombe mkaguzi orodha ya kasoro kwa maandishi, na uichunguze mipira kabla hajarudi. Uliopasuka ubadilishwe, kwa sababu ufa wake hausafishiki.