Muulize Afande Mstaafu: Kozi fupi za maadili, nani aende na aende ipi

Tangu niandike katika safu hii kwamba maadili ya kijeshi hufundishika kama shabaha inavyofundishika, barua zimemiminika. Wengi hamnipingi, ila mnataka kujua ni kozi ipi, ya muda gani, na kama raia naye anaruhusiwa. Barua zilizofanana nimeziunganisha, na majina halisi nimeyaondoa.

*Shikamoo Afande. Mimi ni koplo, mwakani natarajia kupandishwa usajini. Nimeambiwa nichague kozi fupi moja ya maadili. Moja ni ya siku mbili, mihadhara mitupu, na mwisho unapewa cheti kizuri chenye muhuri. Nyingine ni ya wiki mbili, na waliopitia wanasema wakufunzi wake ni wasumbufu, hawakuachi ukae kimya. Wenzangu wananiambia cheti ni cheti. Nifanyeje? (Koplo Njiapanda)*

Marahaba, Koplo. Nenda kwa wasumbufu.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa theolojia huko Princeton. Kila mwanafunzi alitakiwa kwenda jengo la pili kutoa mazungumzo mafupi, na baadhi yao walipewa mada ya Msamaria Mwema. Njiani waliwekewa mtu aliyejiinamia mlangoni, anakohoa na kugugumia. Wasiokuwa na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa na wanasubiriwa, asilimia 10 tu. Mada waliyoibeba kichwani haikuleta tofauti ya maana. Haraka ndiyo iliyoleta. Hebu fikiria: mtu anakwenda kuhubiri habari za Msamaria na anampita majeruhi.

Hao hawakuwa na bunduki, hawakuwa na njaa wala usingizi, na hapakuwa na mkuu anayewafokea redioni. Mihadhara ya siku mbili katika ukumbi wenye feni itakufundisha kuwa mwema siku ambayo huna haraka. Kazi yako haina siku nyingi za namna hiyo.

Kozi yenye thamani inakuweka katika haraka hiyo kwa makusudi. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la Kafr Qasim. Tarehe 29 Oktoba 1956, kikosi cha polisi wa mpakani wa Israel kilipewa amri ya kusimamia marufuku ya kutoka nje katika vijiji kadhaa vya Waarabu. Marufuku ilianza saa 11 jioni. Mkuu wa kijiji cha Kafr Qasim aliarifiwa nusu saa tu kabla, akasema wanakijiji wako mashambani na machimboni, hawawezi kujua. Walipokuwa wakirejea nyumbani, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa malori, walipigwa risasi, na karibu 50 walikufa. Vijiji vingine vilikuwa chini ya amri ileile, jioni ileile, lakini viongozi wa platuni waliokuwa huko waliwaacha watu wapite wakaingia majumbani mwao. Kesi ilipofika mahakamani, jaji alisema amri iliyo haramu waziwazi ni kama ina bendera nyeusi inayopepea juu yake, imeandikwa: marufuku.

Mkufunzi mvivu atasimulia hadithi hiyo, atauliza darasa, "Nyinyi mngefanya nini?", wote watajibu "Tungekataa", atawapigia makofi na mtakwenda kunywa chai. Msumbufu atakupa redio mkononi. Atasema: haya, kataa. Lori linakaribia, mita 200, kamanda yuko hewani, askari wako wawili wameshakoki. Sema. Hapo ndipo utaona ulimi unavyoweza kuwa mzito. Nimewaona watu wazima, wenye medali kifuani, wakishika redio ya mazoezi na kukosa neno la kwanza.

Kwa hiyo unafundishwa maneno. "Afande, naona raia kwenye lori, kuna wanawake, sioni silaha. Naomba uthibitishe: unaniamuru niwafyatulie raia wasio na silaha?" Hiyo bado si kukataa, ni kuomba uthibitisho, na utaratibu wa jeshi unakuruhusu kuuomba. Mkubwa aliyetoa amri kwa hasira au kwa uzembe analazimika kuisikia ikirudi masikioni mwake, mbele ya wote walio kwenye mawimbi. Akithibitisha, ndipo unasema sentensi ya pili, nayo lazima uwe umeitamka mara nyingi darasani: "Siwezi kutekeleza amri hiyo. Nashikilia nafasi yangu na kuendelea kuangalia." Ifanyieni mazoezi kwa sauti mpaka ichoshe.

Kabla ya kujiandikisha, waulize waandaaji kama darasani vyeo vinawekwa kando. Meja akizungumza wa kwanza, koplo hatazungumza kabisa, hata kama ndiye aliyewahi kusimama kwenye kizuizi cha barabarani na meja hajawahi. Uliza pia kama somo linaendeshwa na mwanasheria pamoja na mtu aliyewahi kuongoza askari. Mwanasheria peke yake atakupa vifungu, na kamanda peke yake atakupa hadithi.

*Afande, sajini wetu anatuambia maadili ni ya watu wa ofisini. Anasema askari aliyejazwa kozi hizi atasita kufyatua, na anayesita anakufa. Hakuna anayethubutu kumjibu. (Kuruta wa Jana)*

Sajini wako amechanganya mambo mawili. Anayesita mara nyingi ni yule asiyejua mpaka uko wapi, kwa hiyo kila mtu mbele yake ni fumbo. Sheria za vita zinamruhusu askari kumshambulia mpiganaji wa adui. Zinachomkataza ni kumlenga raia, aliyejisalimisha, na aliyejeruhiwa kiasi cha kutoweza tena kupigana. Aliyefundishwa vizuri hutumia muda mfupi kuamua, maana nusu ya uamuzi aliufanya kambini.

Lakini nimpe haki yake pia, kwa sababu upande mmoja wa hoja yake ni mzito. Novemba 2020 Australia ilitoa hadharani ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Jaji Paul Brereton kuhusu vikosi vyake maalumu nchini Afghanistan. Ripoti ilisema kuna taarifa za kuaminika za mauaji haramu ya watu 39, zikiwahusisha wanajeshi 25, waliopo kazini na waliostaafu. Baadhi ya askari wachanga waliamriwa na viongozi wao wa doria wampige mateka risasi ili "waanze kuua". Kisha silaha au redio iliwekwa kando ya maiti ili ionekane alikuwa mpiganaji.

Hawa hawakuwa wajinga wa sheria. Anayeweka redio kando ya maiti anajua vizuri kabisa kwamba bila hiyo redio amefanya uhalifu. Mihadhara ya sheria waliisikia. Kilichowazidi nguvu ni kiongozi wa doria, yaani mtu wa cheo kilekile cha sajini wako, ambaye kwa kijana mgeni ndiye baba, ndiye kadhi, ndiye anayeamua nani ni mwanaume. Ndiyo maana nasema nafasi za kozi hizi zipelekwe kwanza kwa masajini na makoplo, kanali atangoja. Kanali akirudi na cheti, kitatundikwa ofisini. Sajini akirudi amebadilika, platuni nzima itajua kabla ya gwaride la asubuhi.

Na akikuambia amri ni amri, ujue kwamba Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unasema katika kifungu cha 33 kwamba amri ya mkubwa haikuondolei hatia ikiwa uharamu wake ni wa wazi. Kifungu cha 28 kinamgeukia mkubwa mwenyewe: alijua, au alipaswa kujua, na hakuzuia. Usimsomee mbele ya wenzako. Atakuchukia bure.

*Mimi ni mlinzi wa kampuni binafsi, zamu ya usiku. Si mwanajeshi wala polisi. Kozi hizi zinanihusu? Na cheti cha mtandaoni kitanisaidia kupata kazi bora? (Mwenye Tochi)*

Zinakuhusu, tena pengine kuliko mwanajeshi, kwa sababu mwanajeshi ana mahakama yake, mnyororo wa amri na mwanasheria wa kikosi. Wewe usiku huo una tochi, simu, na labda bunduki. Katika nchi nyingi mamlaka yako kisheria hayazidi ya raia wa kawaida, na walinzi wengi hawajawahi kuambiwa hivyo na mwajiri wao.

Dunia iliamka kuhusu sekta yako baada ya tarehe 16 Septemba 2007, walinzi wa kampuni ya Blackwater walipowaua raia 17 wa Iraki katika uwanja wa Nisour, Baghdad. Mwaka uliofuata, kwa juhudi za Uswisi na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, nchi 17 zilikubaliana juu ya Waraka wa Montreux, unaokumbusha wajibu wa serikali pale kampuni binafsi za kijeshi na za ulinzi zinapofanya kazi kwenye vita. Mwaka 2010 zikaja kanuni za mwenendo za kampuni zenyewe, na 2013 kikaundwa chombo cha kuzisimamia chenye makao Geneva. Kozi ya ulinzi binafsi isiyogusa hata kimoja kati ya hivyo, ina mashaka.

Ila wewe anza na kitu kidogo zaidi. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, za 1990, ziliandikwa kwa ajili ya polisi, lakini ndizo kipimo bora hata kwako: jaribu kwanza njia isiyo ya nguvu, ikibidi nguvu iwe ya kadiri, jitambulishe na uonye, na usifyatue kwa nia ya kuua isipokuwa haiepukiki kabisa ili kuokoa maisha. Mali ya tajiri wako si maisha. Tafuta kozi inayofundisha hilo pamoja na kutuliza ugomvi kwa maneno, huduma ya kwanza, kumkabidhi mtuhumiwa polisi bila kumpiga, na kuandika kitabu cha matukio kwa namna ambayo mahakama itakielewa. Hilo la mwisho linadharauliwa mno.

Kuhusu mtandaoni: kozi nyingine nzuri ni za bure, na kwa upande wa sheria na historia zinatosha kabisa. Kwa upande wa kuamua chini ya shinikizo hazitoshi, kwani hakuna anayekutazama usoni ukijibu. Mwajiri makini atakuuliza ulifanya zoezi gani, kwa hiyo weka kumbukumbu za maswali uliyopewa na ulivyojibu. Cheti kilichopatikana kwa kubofya "endelea" mara 40 kinajulikana tu.

*Je, mtumishi wa serikali ambaye ni raia anaruhusiwa? Nafanya kazi kwenye kamati ya bunge inayopitia bajeti ya ulinzi. (Bi Makabrasha)*

Anaruhusiwa, na anahitajika. Taasisi ya Kimataifa ya Sheria ya Kibinadamu ya Sanremo, Italia, iliyoanzishwa 1970, hupokea maafisa wa jeshi na raia. Kituo cha Sera za Usalama cha Geneva, kilichoanza 1995, nacho huchanganya wanajeshi, wanadiplomasia na watu wa mashirika ya kiraia darasa moja. Kwa kazi yako hasa, tafuta kozi za usimamizi wa sekta ya usalama: nani anakagua ununuzi wa silaha, na kamati ina haki ya kuona nyaraka zipi. Ukikaa karibu na mwanajeshi, muulize maswali ya kijinga. Mara nyingi huwa hana jibu.

*Shikamoo Afande. Mimi ni mwanajeshi mwanamke, nimechaguliwa kwenda misheni ya kulinda amani, mara yangu ya kwanza. Tuna mafunzo ya kabla ya kuondoka, na siku moja tu ni ya maadili. Nizingatie nini katika siku hiyo? (Kofia ya Buluu)*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Siku moja ni ndogo, basi itumie kwa jambo linaloharibu misheni kuliko risasi: walinda amani kuwadhulumu kingono watu waliotumwa kuwalinda. Mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alitoa waraka ambao hadi leo ndio kipimo. Hakuna tendo la ngono na mtu wa chini ya miaka 18, hata kama sheria ya pale inaruhusu, na "nilidhani ni mkubwa" si utetezi. Hakuna kubadilishana ngono na pesa, kazi, chakula au msaada. Ukishuku mwenzako anafanya hivyo, unawajibika kutoa taarifa.

Hilo la kutoa taarifa ndilo gumu. Mwenzako ni yule mliyelala hema moja, aliyekubebea begi ulipoumwa. Isitoshe, mwanajeshi wa kikosi cha taifa anashtakiwa na nchi yake mwenyewe, si na Umoja wa Mataifa, kwa hiyo taarifa yako itarudi nyumbani pamoja nanyi. Mwombe mkufunzi mlifanyie zoezi hilo, na akisema muda hautoshi, fanyeni wenyewe jioni, mmoja awe mtuhumiwa, mmoja awe wewe, mmoja awe mkuu anayetaka mambo yaishe kimyakimya.

Ukifika, siku ya kwanza uliza jina la ofisa anayepokea malalamiko na mahali anapokaa. Uliza pia malalamiko yanapokewa kwa lugha gani. Wenyeji wengi hawatazungumza lugha ya misheni, na huenda mwanajeshi mwanamke aliye getini, yaani wewe, akawa mtu wa kwanza watakayemwambia. Mtafutie mkalimani asiye wa kikosi chenu.