Polisi wakipekua pasipo kosa: kwa wasaidizi wa kisheria wapya

Mafaili mengi yatakayofika mezani kwenu, iwe Ngarenaro (Arusha) au Pasua (Moshi), si ya ujambazi. Ni marejesho ya kikoba, mpangaji na mwenye nyumba, ndugu wa marehemu wanaogombea nyumba. Na katikati yake askari wameshafungua makabati. Kabla hujaandika malalamiko, muulize mteja: walisema wanatafuta ushahidi wa kosa gani?

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania (Sura ya 20; namba za vifungu hapa ni za toleo la 2022) kimefungwa kwenye kosa: kutafuta kitu kilichohusika na kosa, kinachoweza kulithibitisha, au kinachokusudiwa kutumika kulitenda. Deni tupu si kosa. Kodi ya pango iliyolala si kosa. Mahakama ikiamuru mali ikamatwe kwa deni, mtekelezaji ni dalali wa mahakama. Askari aliyemsindikiza yuko pale kulinda amani, si kupekua droo. Ofisa wa kodi naye ana sheria yake, kwa hiyo mdai barua ya idhini na kitambulisho, usimpime kwa kifungu cha 38.

Mara nyingi deni hilo litakuwa limeshavikwa jina la kujipatia fedha kwa udanganyifu. Usibishane kaunta. Chukua namba ya RB (ya kumbukumbu ya taarifa pale kituoni) na jina la kosa lililoandikwa, ndipo ujue unapambana na nini.

Kuhusu hati ya upekuzi, wapya wengi hupoteza hoja kwa kulalamika kwamba hakimu hakusaini. Mkuu wa kituo anaweza kuitoa mwenyewe. Kinachosahaulika ni kifungu kidogo cha 2: hati hiyo ikishatolewa, hakimu anatakiwa apewe taarifa mapema iwezekanavyo kwamba imetolewa, kwa sababu zipi, na upekuzi umeleta nini. Usimamizi wenyewe uko hapo. Andikeni barua fupi mahakamani kuuliza kama taarifa ilifika. Saa nazo zina maana: hati hutekelezwa kati ya mawio na machweo, isipokuwa mahakama imeruhusu vinginevyo (kifungu cha 40). Upekuzi wa dharura bila hati upo, kifungu cha 42, ila dharura hiyo nayo ni ya kosa. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha.

Stakabadhi ya vitu vilivyochukuliwa ndiyo karatasi ya kushikilia. Iwe na saini ya mwenye nyumba, au ndugu wa karibu, au aliyekuwepo, na ya mashahidi kama walikuwepo. Mwenyekiti wa mtaa au balozi wa nyumba kumi ni shahidi mzuri kuliko jirani mwenye ugomvi. "Simu moja nyeusi" haitoshi. Iandikwe aina, namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu yenyewe (bonyeza *#06#), laini zilizomo, na kama kioo kimepasuka. Pesa zihesabiwe mbele ya wote, ziandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Mistari iliyobaki wazi ipigwe mstari, maana hapo ndipo vitu visivyokuwepo huongezeka baadaye. Mteja asiyejua kusoma asomewe kwa sauti kabla ya kuweka dole gumba. Namba ya askari na ya gari ziandikwe pembeni hata kwa kalamu ya mtoto wa shule.

Malalamiko ya kwanza yaende kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) au RPC (kamanda wa polisi wa mkoa), kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea barua ya Kiswahili, lakini haichunguzi jambo lililoko mahakamani, kwa hiyo usikimbilie kufungua shauri kisha ukaiandikia.

Wateja wa Arusha hupenda kusema "twende Mahakama ya Afrika, iko hapa hapa". Hiyo ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tanzania iliondoa tamko lake la kuruhusu watu binafsi kuishtaki huko Novemba 2019, na tangu Novemba 2020 mtu binafsi hawezi tena kufungua huko shauri jipya dhidi yake moja kwa moja. Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ya hapa Arusha, bado inawezekana pale hoja ikiwa ni utawala wa sheria chini ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ila muda wake ni miezi miwili tangu tukio au tangu mlalamikaji alipolijua. Kuishtaki Serikali katika mahakama za ndani kunahitaji kwanza notisi ya siku 90. Hesabu hizo mbili zinagongana, na anayekaa kusubiri notisi iishe huwa ameshapitwa. Juu ya jalada la faili iandikwe tarehe ya upekuzi na, chini yake, tarehe ya miezi miwili baadaye.