Jibu: Ombi la mtaro halimo kwenye ajenda ya baraza

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: mliandika barua mtaro wa mtaa wenu ukarabatiwe, ukaenda kwenye kikao cha baraza la mji, ukaambiwa jambo hilo halimo kwenye ajenda.

Angalia kwanza nakala yako. Ina muhuri wa kupokelewa na tarehe? Yetu haikuwa nao. Tuliiacha mezani kwa ofisa mmoja, ikalala hapo miezi minne, inauma hadi leo. Tukaandika upya, tukaipitisha masijala, yaani ofisi inayopokea na kutunza barua, tukapewa namba ya jalada. Ukifuatilia, taja namba hiyo, si jina la aliyekupokea.

Halafu mwone diwani wako mapema. Kwa kawaida ajenda hufungwa siku kadhaa kabla ya kikao, na mambo ya mitaro huanzia kwenye kamati inayohusika na ujenzi. Muulize inakaa lini. Ambatisha picha za mtaro ukiwa umefurika. Zetu zilisaidia kuliko maneno yote.

Wakikubali, uliza kama fedha zimo kwenye bajeti ya mwaka huu. Sisi tulisubiri mwaka mpya wa fedha. Nakala ya muhtasari wa kikao huenda ikawa na ada, karani atakuambia.